Mbuzi wa Golikipa

Nikifika mahali nisipopajua, macho yangu hutafuta magoli kwanza. Wengine hutafuta kanisa au msikiti, wengine hutafuta mama lishe. Mimi hutafuta miti miwili iliyosimama na mmoja uliolazwa juu yake. Nikishaiona moyo hutulia, kwa sababu pembeni mwa uwanja wa mpira mtu anaweza kukaa mchana kutwa bila kuulizwa yeye ni nani na amefuata nini.

Tabia hii niliianza ujanani, baada ya kumaliza darasa la saba na kutochaguliwa kuendelea. Biashara zilikuwa zimefunguliwa. Mitumba ilikuwa imejaa kila mahali, na redio ilituhimiza vijana tujiajiri. Nilikuwa nakaa Makole, mjini Dodoma, kwa bibi yangu, mzaa baba, pamoja na baba mdogo ambaye alikuwa fundi cherehani. Wazazi wangu walibaki kijijini wakilima uwele. Zamani baba mdogo alishona sare za shule na magauni ya Krismasi. Mitumba ilipoingia, wateja wake wakaanza kumletea suruali za Wazungu azipunguze viuno.

"Wazungu wamenenepa," alisema siku moja, mkasi mkononi. "Kama si unene wao, ningekufa njaa."

Halafu akaniambia kwamba kama mitumba ndiyo imemnyang'anya kazi, basi mimi niibebe nikauze, ili angalau njaa ihamie kwa jirani. Tukawa tunanunua nguo zilizobaki kwenye mabelo ya wakubwa, zile zenye vifungo vilivyokatika na zipu mbovu. Yeye alizitengeneza, mimi nilizipeleka minadani.

Minada ya kwetu huzunguka. Leo iko kijiji hiki, kesho kile, na mfanyabiashara huifuata kama mfugaji anavyofuata malisho. Nilikwenda Zuzu kwa baiskeli, nikaenda Bahi na mbele yake kwa treni. Sikuwa muuzaji hodari. Wenzangu walipiga makofi na kuimba bei. Mimi nilitundika nguo kwenye kamba nikakaa chini yake. Mama mmoja aliwahi kunishika mkono akaniuliza kwa ishara bei ya sketi, akidhani mimi ni bubu. Nilimjibu kwa ishara, na sketi akanunua.

Mnada ukianza kupoa, na usafiri haujaja, ndipo nilipokwenda kuangalia uwanja. Kama kulikuwa na mechi, vizuri. Kama hakuna, vizuri zaidi.

Pale Zuzu reli ilipita karibu, na treni ya mizigo ikitokea wachezaji wote walisimama kuiangalia, hata refa. Nilishuhudia mshambuliaji mmoja akifunga goli wakati wenzake wote wamegeukia mabehewa, na ugomvi wake haukuisha mpaka treni nyingine ilipopita. Bahi, mvua ikija vizuri, goli la upande wa bondeni lilisimama majini, vyura ndio walikuwa makipa. Kuna kijiji ambacho njia ya ng'ombe ilikata katikati ya uwanja. Wachungaji hawakusubiri mtu, na kanuni ya pale ilikuwa mpira ukimgusa ng'ombe unarushwa na timu ya mwenye ng'ombe. Sehemu nyingine mistari ilichorwa kwa majivu, na kila mama wa jirani alileta ya jikoni kwake. Baada ya mechi washambuliaji walirudi nyumbani na magoti meupe.

Katika kila uwanja nilifanya jambo moja. Nilisimama golini, nikainama, nikaokota kokoto na kuzitupa nyuma ya goli. Ardhi yetu ni ngumu, na kokoto humea ndani yake kama mbegu. Ukiziokota leo, mvua ya mwakani italeta nyingine.

Jambo hilo nilifundishwa na baba mdogo. Nilipokuwa mtoto alikuwa golikipa wa klabu ya mtaa wetu, na asubuhi ya kila mechi alinichukua twende tukaokote kokoto golini. "Golikipa wa Dodoma adui yake wa kwanza si mshambuliaji," alisema. "Ni kokoto. Mshambuliaji unamwona anakuja." Mikono yake ilikuwa mikubwa, na sindano ilipotea ndani yake. Mtu asiyemjua asingeamini kwamba mikono hiyo ndiyo iliyotia matundu ya vifungo katika mashati ya nusu ya mtaa.

Kisha akaacha kwenda uwanjani. Hakurudi tena, hata kutazama. Siku za mechi kubwa, watu wakipita mbele ya kibaraza wakielekea uwanjani, aliongeza mwendo wa cherehani, na sauti yake ikafunika kelele za njiani.

Sababu niliijua kama kila mtu alivyoijua. Klabu yetu ilikuwa imebakiza mechi moja ipande daraja. Sare tu ingetosha. Dakika za mwisho, wageni wakapiga shuti la mbali, dogo, la kukata tamaa. Mpira ukadunda mbele ya baba mdogo ukampita juu ya mkono. Klabu ikashindwa. Jioni ile watu walikusanyika mbele ya ofisi ya klabu, na mtu mmoja wa reli akasema kwa sauti kwamba alimwona golikipa akiletewa mbuzi na wapinzani. Mwenyekiti wa klabu, ambaye alikuwa mgeni, mtumishi wa serikali aliyehamia na ofisi yake, akamuuliza baba mdogo mbele ya wote, "Ni kweli ulipewa mbuzi?"

Na baba mdogo akajibu, "Ni kweli. Nyama tumekula, ngozi nimeitandika kitandani."

Baada ya siku chache mwenyekiti akatangaza kwamba golikipa amefukuzwa, kwa sababu amekiri mwenyewe.

Klabu ikagawanyika. Wako waliosema golikipa ameuza mechi, wako waliosema mwenyekiti ametafuta mtu wa kumbebesha. Upande mmoja ulikuwa na jezi, upande wa pili ulikuwa na mipira na nyavu. Wenye jezi hawakuwa na cha kucheza, wenye mipira walicheza vifua wazi na hakuna ligi iliyowakubali. Walipigana ngumi siku ya mkutano wa suluhu. Mwishowe shirika lililokuwa likiwasaidia likauzwa, jezi zikageuka matambara ya kusafishia baiskeli, na uwanja wetu ukaota mbigili.

Mimi nilikuwa mtoto, na nililala chumba kimoja na baba mdogo. Kitanda chake kilikuwa cha kamba, juu yake godoro la majani na shuka lenye viraka. Ngozi sikuiona. Siku moja nilichungulia hata uvunguni nikakuta ndoo na viatu vyake vya kuchezea mpira. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mimi si mtu wa kusema nisipoulizwa. Naye sikumuuliza. Nikakua hivyo, nikipenda viwanja vya watu wengine kwa sababu cha kwetu kilikuwa na maneno.

Nilipokuwa nimeshazoea minada, vijana wa Makole wakaamua kuifufua klabu. Muuza duka mmoja aliahidi jezi. Wakang'oa mbigili, wakasimamisha magoli mapya, na kijana mmoja mrefu, muuza maji ya mkokoteni, akawekwa golini. Alikuwa na miguu mizuri lakini mikono yake iliogopa mpira. Katibu wao akaja kibarazani kwetu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Suruali au shati?"

"Hapana, mzee wangu. Tumekuja kukuomba utufundishie golikipa."

Cherehani ilisimama. Baba mdogo alitazama mguu wake kwenye pedali kama mtu anayejiuliza ni wa nani. Kisha akasema, "Kawaulizeni wazee wa klabu. Wakikubali, nitakuja."

Usiku ule alikula ugali wote na akaomba mlenda wa nyongeza. Bibi alinikonyeza.

Wazee hawakukubali. Katibu hakurudi, lakini maneno ya mkutano yalimfikia bibi kisimani. Mzee mmoja alisema huwezi kumweka fisi afundishe mbwa kulinda zizi, na wengi wakapiga makofi. Mwenyekiti wa zamani alikuwepo pia. Alikuwa amestaafu na kujenga Nzuguni, ila bado alialikwa katika mambo ya klabu. Yeye alisema tu, "Alikiri mwenyewe, mbele yangu." Hilo likafunga mjadala.

Baba mdogo alirudi kwenye viuno vya Wazungu. Lakini viatu vya mpira, ambavyo alikuwa amevitoa uvunguni na kuvipaka mafuta, vilikaa kibarazani wiki nzima, hakuna aliyevirudisha wala kuvivaa. Kila nilipotoka na mzigo wangu nilivipita, na kila nilipovipita nilitamani niwe mtu mwingine, mwenye mdomo.

Ilikuwa baada ya hapo nilipokwenda mnada wa Kintinku. Nilishuka na treni, nikauza nilichouza, na alasiri nikatafuta uwanja. Ulikuwa jirani na reli na magoli yake yalikuwa ya vyuma chakavu, mazito, hata upepo wa kule haukuyatikisa. Vijana walikuwa wakicheza. Nyuma ya goli moja aliketi mzee juu ya kipande cha taruma la reli, kofia kuukuu kichwani, akimtukana golikipa kwa furaha.

"Mgogo wewe! Babu yako aliwatoza babu zangu hongo wapite na mizigo yao. Leo mpira unapita bure?"

Golikipa, bila kugeuka, akajibu, "Nyamaza, mbeba mizigo! Ulikuja kwa miguu, utarudi kwa miguu!"

Watu wakacheka, mzee akacheka kuliko wote. Hata mimi nilitabasamu. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba sisi Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi wao, waliotulipa hongo, yaani ushuru wa njia. Mtani hukutukana, nawe humtukana, hata msibani, na hasira ni aibu kwa atakayeipandisha.

Mpira ulipotoka niliingia golini kidogo, nikaokota kokoto mbili, nikazitupa. Mzee akaacha kucheka. Akaniita.

"Wewe. Nani amekufundisha hivyo?"

"Shikamoo. Baba mdogo."

"Marahaba. Baba mdogo wako wa wapi?"

"Dodoma. Makole."

Mzee akajipiga paja. "Mshona nguo! Mwenye mikono kama majembe! Yuko hai?"

"Yuko."

"Mwizi yule! Mwambie mtani wake wa reli bado anasubiri mbuzi. Nilipiga kelele mbele ya watu wote kwamba kaletewa mbuzi, mbuzi mwenyewe ana ndevu kama mwenyekiti wao, nikijua ataniachia hata paja. Naye akajibu vizuri, eti ngozi ametandika! Nilicheka hadi asubuhi. Kesho yake nikapanda treni, nilikuwa nimehamishiwa huku kwenye genge la kukarabati reli. Mpaka nimestaafu, hata kwato sijaziona."

Nilisimama pale, mpira ukinipita mguuni. Nilikuwa nimeisikia habari ya mbuzi maisha yangu yote, na katika habari hiyo hapakuwa na mtani. Palikuwa na "mtu wa reli". Hakuna aliyeniambia huyo mtu ni kabila gani, wala kwamba alisimama palepale akicheka wakati baba mdogo anaulizwa. Baba mdogo alikuwa amejibu utani kwa utani, kama alivyolelewa. Mwenyekiti alikuwa ameuliza kwa dhati.

Nilikaa chini kando ya mzee. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu nisiyemjua. Nilimweleza jinsi klabu ilivyogawanyika, habari za jezi na nyavu, mkutano wa vijana, viatu vilivyobaki kibarazani. Alivua kofia. Treni ilipita, wachezaji wakasimama kuitazama, yeye hakuitazama.

"Lakini wenyeji si walijua?" akauliza. "Wagogo wenzake si walikuwepo? Walicheka!"

"Walicheka. Lakini walikuwa wamefungwa goli."

Akaitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa.

"Mwenyekiti yule si mtu wa huku," alisema baadaye. "Utani anaujua, kila mtu ana watani wake kwao. Ila hakujua hapa nani ni mtani wa nani. Na baba yako mdogo, kwa nini hakumwambia kesho yake kwamba ni mzaha?"

Jibu nililipata mwenyewe njiani kurudi. Kueleza kungekuwa ni kusema mtani wangu amenisingizia, na mtani hasingizii. Na mtu aliyetoka kufungwa goli la kipuuzi akisema "nilikuwa natania", nani atamwamini?

Nilimwomba mzee aje Makole awaambie. Akakataa, kwa upole.

"Mtani haendi kuomba radhi, mwanangu. Nikija na uso wa kanisani nikasema samahani, nimeua utani wa babu zetu, na watu watasema ametumwa na kulipwa. Neno lilisemwa kwa kelele mbele ya watu. Litaondoka kwa njia ileile."

"Lini?"

"Tukikutana panapostahili." Alinitazama, kisha akatikisa kichwa haraka. "Sikusema msiba! Ufunge mdomo wako."

"Sijasema kitu."

"Umefikiri."

Nilipofika nyumbani nilimpa baba mdogo salamu. Nilisema tu, "Kintinku kuna mzee wa reli. Anasema bado anasubiri mbuzi wake." Uzi ulimkatikia. Aliutafutia tundu la sindano muda mrefu, akaupitisha, akashona mshono mmoja, ndipo akasema, "Bado anavaa ile kofia?"

"Bado."

"Mbeba mizigo yule," akasema, na nikaona mabega yake yakitikisika. Sikujua kama anacheka.

Bibi alifariki mwisho wa kiangazi, kwa uzee, akiwa amelala baada ya chakula cha mchana. Wakati wengine wakitafuta mbao na sanda, mimi nilikwenda stesheni. Nilimwendea mkaguzi wa tiketi wa treni ya kwenda Tabora, nikasimama mbele yake mpaka akaniuliza ninataka nini. Nikamwomba afikishe neno Kintinku kwa mzee wa genge aliyestaafu, mwenye kofia. "Mwambie mama wa golikipa amefariki." Mkaguzi hakuuliza golikipa gani. Alisema, "Nitamwambia."

Mzee alifika asubuhi ya maziko, amevaa koti la reli lisilo na vifungo. Hakumsalimia mtu. Alikaa na wanaume chini ya turubai akinywa uji kimya, nami nikadhani labda uzee umemshinda. Mwinjilisti akasali, mashemeji wakabeba jeneza, tukaanza kutoka. Waliokuwepo walikuwa mtaa mzima, na wazee wa klabu wa pande zote mbili. Mwenyekiti wa zamani alikuwepo, ndevu zake sasa nyeupe.

Tulipofika penye mlango wa ua, mzee akatangulia mbio, akajilaza chali akaziba njia.

"Hapiti mtu!"

Mwinjilisti alikuwa mzaliwa wa huku, aliujua utani. Alifunga Biblia, akatazama juu, akasubiri.

"Inuka, mbeba mizigo, tukazike!" mashemeji wakampigia kelele.

"Siinuki! Babu zangu walilipa hongo kupita nchi hii, leo mtalipa ninyi! Bibi huyu amenizalia mwizi. Nilisema mbele ya klabu nzima kwamba golikipa kaletewa mbuzi. Nilimtunga mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikamwekea na ndevu za mwenyekiti! Mbuzi wangu, nimemtunga mimi! Naye kamla peke yake! Mbuzi yuko wapi?"

Wanawake waliokuwa wakilia walianza kucheka, wakaendelea kulia. Wazee wa klabu walitazamana.

"Kama hukula," mzee akamnyooshea baba mdogo kidole kutoka pale chini, "nionyeshe ngozi!"

Baba mdogo alikuwa mbele ya jeneza, msalaba wa mbao mikononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Ngozi imechakaa, mtani," akasema. "Nimeilalia peke yangu miaka yote hii."

Hapo hakuna aliyecheka. Nilikuwa karibu na mwenyekiti wa zamani, na nilimsikia akimuuliza mama aliyesimama kando yake, kwa sauti ndogo, "Huyu mzee ni nani wao?"

"Mtani wao, Mnyamwezi. Ndiye yule wa reli."

"Ndiye aliyesema habari ya mbuzi?"

"Ndiye. Mbuzi gani, baba? Si utani tu."

Alibaki amesimama, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Jua lilikuwa kali na wabebaji walikuwa wakibadilishana mabega. Kisha akapita katikati ya watu mpaka penye mlango wa ua, akasimama juu ya mzee aliyelala.

"Mtani," akasema, na neno lenyewe lilimtoka kwa tabu, "inuka. Mbuzi huyo hakuliwa na golikipa. Nilimla mimi."

"Wewe nani?" mzee akauliza, akikinga jua kwa kiganja. "Mtani, au askari?"

"Mimi ni yule mwenye ndevu. Nitakulipa."

Mzee alizitazama ndevu zile kwa makini, akatema mate pembeni, akanyoosha mkono. Mwenyekiti akamwinua. Ndipo kicheko kilipotoka, kikubwa, kwa watu wote, na mwinjilisti akafungua Biblia, na bibi akapita.

Mbuzi alikuja baada ya matanga. Mwenyekiti alimleta mwenyewe kutoka Nzuguni, kamba mkononi, akitembea polepole kwa sababu mbuzi aligoma kila penye kivuli. Alikuwa beberu mweupe mwenye ndevu. Sijui alimtafuta wapi mpaka akampata wa namna ile. Alichinjiwa kando ya uwanja, na waliokuwa na jezi wakala pamoja na waliokuwa na nyavu. Paja lilikaushwa vizuri, nikapanda nalo treni mpaka Kintinku. Mzee alilipokea kwa mikono miwili akalalamika kwamba ni dogo.

Siku iliyofuata baada ya safari ile nilikwenda uwanja wa kwetu, kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Nilikaa pembeni juu ya mzigo wangu wa mitumba. Baba mdogo alikuwa golini, amevaa viatu vyake vya mpira ambavyo ngozi yake ilishapasuka, na yule kijana muuza maji alikuwa mbele yake, mikono kiunoni. Walikuwa hawajagusa mpira. Kijana alikuwa mgeni Makole, alikuja mjini kutoka Singida baada ya mambo yote yale, na nadhani alikuwa amesikia habari nusu nusu.

"Mzee," akauliza, "ni kweli uliwahi kupewa mbuzi?"

Baba mdogo alitazama kulia na kushoto, na nikajua anatafuta kama yupo mtani karibu. Hakuwepo.

"Hapana," akasema. "Ilikuwa kokoto. Inama tuokote."